Shule inaanzisha Kifaransa kidato cha kwanza, inakitelekeza kidato cha tatu. Huu ni uhuni!

Wakuu, leo simung'unyi maneno.

Binti yangu anasoma sekondari moja hapa Arusha. Tulipompeleka kidato cha kwanza, mwalimu wa taaluma alisimama mbele ya wazazi akalinadi somo la Kifaransa kwelikweli. Tukakubali, nikanunua na kamusi. Mtoto akalipenda, na mtihani wa kidato cha pili akafanya vizuri. Mwaka huu mwalimu kahama, na tangu aondoke hakuna aliyeshika kipindi. Juzi wanafunzi wameitwa wakaambiwa wafute somo, kila mtu atafute jingine. Jingine lipi? Kidato cha tatu kinaelekea ukingoni, akaanze somo la biashara kutoka sifuri wakati usajili wa mtihani wa taifa wa NECTA ndio huo unakuja?

Nimelikagua daftari lake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Kiranja anakopi ubaoni kutoka kwenye kitabu, wenzake wanakopi kutoka ubaoni, basi. Alama za juu ya herufi zimeachwa zote: être imekuwa "etre", élève imekuwa "eleve". Hakuna vema, hakuna kosa, hakuna saini. Nikamwambia anisomee, akashindwa, maana hakuna aliyewatamkia. Na ratiba ya ukutani bado ina Kifaransa, wathibiti ubora wakija waione!

Simlaumu mwalimu, kuhama ni haki yake. Ninaowalaumu ni uongozi. Somo zima mmelitundika kwa mtu mmoja, na alipoomba uhamisho mlijua. Miezi yote hiyo mlikuwa mnangoja nini? Lugha si somo la kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Ukikaa muda mrefu bila kuisikia wala kuizungumza, hata kile kidogo ulichokuwa nacho kinayeyuka.

Halafu hapa ni Arusha jamani. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa, inatumia Kifaransa. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Kongo imeingia Jumuiya 2022. Najua kuna atakayesema Wakongo wanajua Kiswahili. Wa Goma na Lubumbashi wanakijua, ndiyo, lakini nyaraka za serikali yao ni Kifaransa, na malori yetu yanakwenda huko kila siku. Watalii sisemi, kila mtu mjini hapa anajua mwongozaji mwenye lugha ya ziada anavyotafutwa.

Kilichonichefua zaidi: shule hiyohiyo sasa inawatangazia wazazi wapya Kichina! Nikauliza kwenye kikao, nani atawafundisha mpaka kidato cha nne? Mkuu wa shule akajibu, "Mzee, hilo tutaliangalia." Wazazi wenzangu kimya. Yaani watoto wa watu ni wa kujaribia?

Ninachotaka ni kimoja. Watafute mwalimu, hata wa muda, darasa hili limalize walichoanza. Wazazi tuko tayari kuchangia, tumeshasema. Hicho Kichina kisubiri mpaka wawe na walimu wa uhakika.

Wenye watoto waliokutwa na hili, mlifanyaje? Mlikwenda kwa afisa elimu au mlimalizana na shule? Na kama kuna mwalimu wa Kifaransa anayepatikana Jumamosi maeneo ya Njiro au Sakina, tafadhali anitumie ujumbe.