Nanoklasta zangu za dhahabu zinageuka waridi ndani ya wiki, nakosea wapi?

Bika Tupu: Wakuu, naombeni msaada. Natengeneza nanoklasta za atomi 25 za dhahabu, nimezivika glutathaioni (molekuli ndogo yenye salfa) ili ziyeyuke kwenye maji. Siku ya kwanza mambo safi: rangi ya hudhurungi, na kwenye spektra (mchoro wa mwanga unaofyonzwa) kuna kilima nanomita 670. Nasafisha kwa dayalisisi (kuosha kupitia utando) siku tatu, naweka kwenye friji. Wiki ikiisha nakuta waridi, na kilima kingine kimechomoza 520. Nimerudia mara nne. Nibadilishe ligandi, yaani hicho kivazi cha nje?

Mzee wa Spektra: Usiguse ligandi kwanza. Hiyo 520 imeshasema yote: klasta ya chini ya nanomita 2 haina kilima hicho, kwa hiyo zako zimeungana zikawa chembe kubwa. Mimi nashuku hizo siku tatu. Glutathaioni imeshika dhahabu kwa salfa yake, ila hushika na kuachia. Ukiosha mpaka maji yabaki matupu, ikiachia moja hakuna ya kuziba pengo. Saza glutathaioni kidogo.

Salfa: pH je? Na bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ina chumvi kiasi gani?

Bika Tupu: pH 3 hivi, bafa ya fosfati. Chumvi sikupima, aibu yangu.

Salfa: Basi! Klasta hizo hazigusani kwa sababu vikundi vya kaboksili (sehemu za asidi) vya glutathaioni vimezipa chaji hasi, zinasukumana. Kwenye asidi hiyo chaji inapungua, na chumvi inaifunika iliyobaki. Pandisha pH hadi 7 au 8, punguza chumvi.

Dada Jeli: Naongeza la kwangu. Kuona 670 si ushahidi kwamba zote ni 25. Pitisha kwenye jeli (inayotenganisha saizi kwa umeme) uone mistari mingapi inajitenga. Yangu ya kwanza ilitoka kama ngazi! Kabla ya kusafisha, zipashe moto nyuzi 55 pamoja na glutathaioni ya ziada. Saizi dhaifu huliwa, ya 25 hustahimili. Kisha kausha kwa kugandisha, utunze unga gizani kwenye baridi. Hizo za waridi mwaga tu, haziokoleki.

Mpita Njia: Kwa nini asitumie albumini, ile protini ya damu, badala ya glutathaioni? Inang'aa nyekundu vizuri.

Dada Jeli: Inang'aa, lakini umefunga klasta ndani ya protini nzima. Akitaka kitu kidogo kitakachopita kwenye figo, hapo amepoteza.

Bika Tupu: Kupita kwenye figo ndiyo haja yangu hasa, nabaki na glutathaioni. Kesho nagawa bechi mbili: moja pH 3 kama zamani, nyingine pH 8 na dayalisisi fupi. Spektra nitaziweka hapa.