Ushauri: Nakimbia kilomita 21 kuchangisha tangi la maji la shule, muundi unauma na michango inasuasua

MwanaChamwino
Wakuu, salaam. Naomba mnisome hadi mwisho, mambo ni mawili na yote yananielemea.

Nimejiandikisha nusu marathoni ya hisani hapa Dodoma mjini, mwishoni mwa Septemba. Ada ya kushiriki nimelipa mwenyewe. Zaidi ya hapo nimeamua mbio zangu zichangishe fedha kwa ajili ya shule ya msingi niliyosoma, wilaya ya Chamwino. Shule haina maji. Mvua zikishakatika, kila mtoto anatoka nyumbani na kidumu cha lita 3 au 5, daftari mkono huu, maji mkono ule, na hayo hayo ndiyo ya uji, ya kunawa na ya chooni. Wasichana wakubwa wakiwa kwenye siku zao wengine hubaki nyumbani, na siwalaumu, nimepita humo. Mabati ya madarasa ni mazima, ila mvua ikinyesha maji yote yanamwagika chini. Tunataka gata na simtanki la lita 5,000. Makisio ya fundi ni shilingi milioni 2.

Sasa, mazoezi. Naishi Kisasa, nakimbia jioni nikitoka kazini, kwenye lami. Kilomita 8 namaliza bila kusimama. Lakini siku hizi muundi wa mguu wa kulia unauma upande wa ndani. Nikianza unauma, nikipata joto unatulia, kesho yake asubuhi umerudi. Niache au nikaze?

La pili ni michango. Nimetuma ujumbe kundi la ukoo na la kazini, wengi kimya. Mjomba wangu kaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, wewe unakimbia, sisi tunalipia nini?" Sikuwa na jibu la kueleweka. Na huu ni msimu wa harusi, kadi za michango kila kona, naona aibu kuwakumbusha watu. Mwenye uzoefu anisaidie, natanguliza shukrani.

Nesi_Dom
Pole dada. Nianze na mguu, pesa inaweza kusubiri wiki moja. Kaa chini, bonyeza muundi taratibu kwa kidole kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Maumivu yakiwa yametawanyika kwenye mstari mrefu, mara nyingi ni misuli na utando ulioshika mfupa vimechoka: umbali umeongezeka haraka kuliko mguu ulivyozoea, au viatu vimekwisha. Hiyo hupoa. Lakini yakiwa sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na hasa kama panauma hata ukitembea au ukilala, acha kukimbia kabisa uende hospitali, inaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Na tafadhali usimeze diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ili upate kufanya mazoezi. Maumivu yananyamaza, mguu unaendelea kuumia.

MwanaChamwino
Asante sana. Nimebonyeza sasa hivi, ni mstari mrefu sehemu ya chini. Kutembea hakuumi.

Nesi_Dom
Basi wiki hii usikimbie. Tembea haraka au endesha baiskeli kama ipo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 jioni, na kila siku simama kwa ncha za vidole vya miguu, panda shuka polepole, mashavu ya miguu yapate nguvu. Ukirudi, anza na nusu ya umbali uliokuwa unakimbia. Kagua na viatu: kama soli imelika upande mmoja au kiatu kinajikunja katikati kama kandambili, kimekwisha. Pale Majengo kwenye mitumba vinapatikana vizuri, ila ukague soli kabla ya rangi.

Mkimbiaji_Chimwaga
Naunga mkono nesi. Mimi naongeza mambo ya barabarani. Hama lami kadiri unavyoweza, tafuta njia ya vumbi iliyoshindiliwa. Sisi kundi letu Jumamosi tunakimbilia barabara za ndani UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, magari machache na vilima vya kutosha kukupa mapafu. Pale lami ilipo, kimbia upande wa kulia ili gari lije mbele yako ukiliona. Barabara kuu ya Dar kuelekea Mtumba iache kabisa, malori yale hayana habari na wewe.

Jioni ya Julai na Agosti upepo wa Dodoma unapiga vumbi usoni mpaka kifua kinabana. Asubuhi ni bora, ila jua mwezi huu linachomoza karibu saa moja kasoro, na mwanamke peke yake gizani sikushauri. Njoo kwenye kundi.

Mpango: una kama wiki 10. Siku 3 au 4 za kukimbia kwa wiki zinatosha. Mbili fupi, mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Wikiendi moja ndefu, ndiyo unayoiongeza kidogo kidogo: 8, 9, 11, halafu rudi 8 mwili upumzike, kisha 13, 14, rudi 10, kisha 16. Ukifika 16 au 17 bila maumivu, 21 utaimaliza. Wiki mbili za mwisho unapunguza, usije ukajipima siku tatu kabla.

Na siku yenyewe usitoke mbio na vijana wa mbele. Mnakumbuka marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025? Alphonce Simbu, wa hapa jirani Singida, alivumilia ndani ya kundi mpaka uwanjani, akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kilomita 42 zote, dhahabu ikaamuliwa kwenye mita za mwisho. Wewe kilomita 5 za kwanza zikimbie kana kwamba unajizuia.

Ngosha_Dom
Kwenye michango, tumia ahadi kwa kilomita. Mtu anaahidi 500 kwa kilomita, ukimaliza 21 anatoa 10,500. Wa 1,000 anatoa 21,000. Watu 100 wa namna hiyo una milioni 2 na laki moja. Hapo mjomba anaelewa analipia nini, analipia jasho lako.

Mama_Vikoba
Ngosha, hesabu ni nzuri ila kwa watu wetu nina wasiwasi nayo. Nimekaa kamati za harusi na za misiba miaka mingi. Ahadi ya baada ya tukio ni ngumu kuidai, mbio zikishapita kila mtu karudi kwenye ada na kodi yake. Na mjomba hakuuliza kuhusu jasho. Kauliza fedha inakwenda wapi.

Mdogo wangu, usiombe pesa, omba kitu. Muombe fundi aandike mahitaji yote: tangi, mita za gata, vishikizo, bomba, koki, mifuko ya saruji, mawe na mchanga wa msingi wa tangi. Weka bei ya kila kimoja. Halafu mwambie mjomba: "Mjomba, wewe ninunulie koki." Mwingine mfuko wa saruji, marafiki watano wagawane gata la upande mmoja. Mtu akishajua koki ni yake atakupigia mwenyewe kuuliza kama imefungwa.

Jambo jingine, orodha ya kwenye kundi. Usiiweke tupu. Wa kwanza akiandika 2,000, wote watakaofuata wataandika 2,000 hata mwenye uwezo wa laki. Kabla hujaiweka, wapigie simu watu wanne watano wenye moyo na uwezo, usiwaandikie, wapigie. Wakishakubali, orodha iingie na majina yao juu. Na usione aibu kukumbusha. Unawaombea watoto, hujiombei. Tuma habari kila Jumapili: umekimbia ngapi, kimepatikana kiasi gani, kimebaki nini. Hiyo peke yake ni ukumbusho, huna haja ya kumtaja mtu.

Ngosha_Dom
Mama hapo nimekubali. Labda kilomita zibaki kwa vijana wa kazini, ukoo waombwe vitu.

MwanaChamwino
Mama_Vikoba, ubarikiwe. Swali: fedha ziingie namba yangu ya simu? Maana ndiyo watu wanayoijua.

Mwalimu_Mstaafu
Hapana mwanangu. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja mtu atauliza na wewe utabaki unajieleza. Nenda kwa mwalimu mkuu, aitishe kamati ya shule, na mtendaji wa kijiji awe na taarifa. Liandikwe kwenye muhtasari kwamba shule imepokea wazo lako. Fedha ziingie akaunti ya shule, au wenye duka walipwe moja kwa moja na risiti iandikwe jina la shule. Wewe piga picha za risiti, zitume kundini. Na hao wazazi wa kijijini usiwawekee kiwango. Tangu elimu bila ada ianze 2016, mchango wa mzazi shuleni ni wa hiari na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake. Wanaweza kuleta mawe na mchanga na nguvu zao. Watafurahi.

MwanaChamwino
Shikamoo mwalimu. Nitafanya hivyo.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba. Tangi likifungwa, mkabidhi mtu ufunguo wa koki. Nimeona matangi yakikauka Juni kwa sababu kila mpita njia alichota.

Fundi_Gata
Nimechelewa ila nina la kusema. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Jengo lenye paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 ni lita 1,600, toa zinazopotea, unabaki na kama 1,300. Kwa hiyo mvua nne za namna hiyo tangi la 5,000 limejaa, na msimu wetu wa Desemba hadi Aprili una mvua zaidi ya nne. Maana yake maji mengi yatafurika. Ukipata fedha ya ziada nunua tangi la pili kabla ya kupaka rangi chochote. Mvua ya kwanza usiiingize, acha ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Chujio la wavu mdomoni mwa tangi, kifuniko kibane, mbu wasizaliane. Na msingi uwe umeinuka angalau urefu wa ndoo, la sivyo watoto watalala chini kukinga maji.

Kwenye makisio yenu fundi kaweka mteremko wa gata? Muulize. Gata lililonyooka sawasawa maji yanasimama katikati na kumwagikia ukutani.

MwanaChamwino
Nimemuuliza, hakuwa ameweka, anarekebisha leo. Nimempigia mjomba pia. Amechukua koki na bomba lake, kasema na saruji mifuko miwili. Muundi umetulia ila naendelea kupumzika hadi Ijumaa. Mkimbiaji_Chimwaga, Jumamosi mnaanzia wapi?

Mkimbiaji_Chimwaga
Ukumbi wa Chimwaga, saa moja kamili asubuhi. Wewe utakimbia 4 na akina dada wa nyuma, utaishia hapo hata ukijisikia vizuri. Mimi andika jina langu kwenye mifuko mitatu ya saruji.

Nesi_Dom
Nne tu dada, usizidishe. Na mimi niwekee chujio.