Milioni mbili na nusu, watu wawili, nje ya nchi: twende wapi?

Baba Neema, Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, na ikiwezekana yawe ya watu waliofika wenyewe, si ya waliotumiwa picha na mashemeji.

Mwaka huu mimi na mama Neema tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Fungate yetu tuliifanyia Sengerema kwa mjomba wake, tukaishia kusaidia kuvuna mpunga. Siku ile nilimwambia ipo siku nitamvusha mpaka. Ameitunza ile ahadi kama risiti, na mwaka huu ameitoa.

Nina duka la vipuri vya pikipiki, nimeweka pembeni M 2.5, na kukopa sitaki. Watoto watabaki na bibi yao. Tuna wiki moja mwezi Julai. Pasipoti hatuna, wote wawili. Yeye Instagram imemjaza Dubai. Zanzibar msinitajie, nimeshajibiwa kwamba ile ni nchini na aliendaga na kwaya.

Sitaki mahali ambapo tutajifungia hotelini kuangalia dari kwa sababu kila ukitoka mlangoni ni hela. Na sitaki kifurushi cha wakala, kuna mmoja hapa mjini alinipigia hesabu mpaka nikamuuliza kama ndege ni yetu moja kwa moja.

Bint Deira

Kaka, mimi niko Dubai kikazi, nikwambie ukweli usije ukanilaumu. Julai huku jua ni la adhabu, joto linapita nyuzi 40 na usiku halishuki la maana. Ndiyo maana hoteli zinakuwa bei chee miezi hiyo, watu wanaona tangazo wanadhani ni bahati.

Mtatakiwa viza, nyote wawili, na tiketi mbili peke yake zinaweza kuimeza hiyo M 2.5 na kuomba nyongeza. Dirhamu nayo imefungwa kwenye dola, kwa hiyo usitegemee kwamba itashuka kidogo ufaidike. Vya bei rahisi vipo: kuvuka hori kwa abra, zile boti ndogo za abiria, ni dirhamu moja tu, na mtaa wa Deira unakula vizuri kwa Wapakistani. Lakini shemeji hakuona abra kule Instagram, aliona Burj Khalifa kwa juu. Mlete Desemba au Januari ukiwa umejipanga mara tatu ya hapo.

Msafiri wa Sirari

Mkuu mbona mnahangaika, Kenya ipo hapo. Panda basi Mwanza, Sirari, Kisii, Narok, Nairobi. Lala, asubuhi panda treni ya SGR mpaka Mombasa. Daraja la kawaida ni 1,500 za Kenya, la kwanza 4,500, na ukikaa dirishani Tsavo unaweza kuona tembo wamesimama na vumbi lao jekundu bila kulipa kiingilio. Mombasa mnapanga chumba Mji wa Kale au Nyali, mnaona Fort Jesus, feri ya Likoni kwa miguu ni bure, jioni mnakula mihogo na viazi karai pale Mama Ngina baharini.

Lugha hamna shida, ingawa watawacheka Kiswahili chenu cha kanda ya ziwa. Kasoro moja: Julai ni kusi, bahari inachafuka na mwani unajaa ufukweni. Kama shemeji anataka maji ya bluu ya kwenye picha, hatayapata mwezi huo.

Ma Koku wa Kashai

Baba Neema, nakusalimu kutoka Bukoba. Hao wawili wamekwambia vizuri, lakini ngoja na mimi niseme langu.

Mimi ni mchuuzi wa vitenge, mzigo wangu naufuata soko la Kikuubo, Kampala. Mpakani Mutukula napita mara nyingi hadi wale wa dirishani wanajua wanangu wako darasa la ngapi. Na kila mara naona watu wetu wanavuka kwenda kununua, hakuna anayevuka kwenda kutazama.

Umeuliza nchi gani ni rahisi. Rahisi kwa nani? Sisi tukiingia Serengeti tunalipa shilingi elfu kumi na kitu, Mzungu aliye nyuma yetu analipa dola 70 na VAT juu yake. Simba ni yule yule. Sasa tafuta nchi ambayo na wewe utakuwa kwenye ile bei ya mwenyeji. Dubai wewe ni mgeni kama Mjerumani, ila Mjerumani ana mshahara wa Ujerumani. Uganda wewe ni raia wa Afrika Mashariki, na hilo limeandikwa kwenye orodha ya bei.

Mpeleke mkeo msitu wa Bwindi, huko huko Uganda, akaone gorila.

Usicheke. Kibali cha kuwaona gorila wa milimani, mtu wa Ulaya au Marekani analipa dola 800. Raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda, ilipanda Julai 2024 kutoka 250,000. Hiyo ni kama dola 80 na ushei, kwa pesa yetu laki mbili na kidogo. Nyie wawili hamfiki laki tano kwa kitu ambacho wenzenu wanauza gari ili wakione. Rwanda kwa jirani mgeni ni dola 1,500, na sisi wa jumuiya dola 200. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi nilikwenda na mdogo wangu, yeye ni muuguzi. Asubuhi saa mbili mnakusanywa kituoni, mnapewa maelezo, mnagawanywa makundi ya watu wasiozidi wanane. Ukiwa na mafua wanakurudisha, maana wale wanyama wanaambukizwa magonjwa yetu. Barakoa mnavaa mkifika karibu. Kundi letu Waafrika tulikuwa mimi na mdogo wangu tu, waliobaki wamevaa viatu vya bei ya pikipiki. Mimi nilivaa gambuti za shambani na soksi nimezivuta juu ya suruali kwa ajili ya siafu, na askari akasema huyu mama ndiye amevaa sawasawa.

Msitu wenyewe hauna njia, njia inakatwa kwa panga mbele yenu. Mteremko, tope, majani yanayowasha hata juu ya nguo, vaeni glovu. Wafuatiliaji wametangulia tangu alfajiri, wanawasiliana kwa redio. Tukatembea mpaka mdogo wangu akaanza kusali kwa sauti. Halafu askari akainua mkono, akaanza kukoroma kooni, mmh-mmmh, kama mzee anayeingia nyumba ya watu na hataki kumshtua mwenye nyumba. Kichakani kikajibu hivyo hivyo.

Dume lilikuwa limekaa, limetupa mgongo wake wa mvi, linachuma majani moja moja kama mtu anayechambua mchicha. Jike limelala chali, mtoto anapanda mti mwembamba, unainama, anaanguka juu ya tumbo la mama yake, anapanda tena. Hatukuwa mbali, labda mita kumi. Kila mtu kimya, wale Wazungu machozi yanawatoka. Na dume likajamba. Kwa muda mrefu. Nakwambia mdogo wangu aliuma barakoa yake, mimi nikaangalia juu mbinguni, askari akatutazama kwa jicho la kutuomba tusicheke. Mnapewa saa moja, mkimaliza mnaondoka, hakuna kubembeleza.

Baada ya hapo nendeni mkapumzike Ziwa Bunyonyi, karibu kabisa na Kabale mjini. Ziwa limejaa visiwa, limezungukwa na vilima vilivyolimwa kwa matuta mpaka juu. Viboko hakuna, watu wanaoga. Mnakodi mtumbwi wa gogo mnazunguka, na watawaonyesha kisiwa kidogo kinaitwa Akampene, chenye mti mmoja au miwili tu, ambako zamani wasichana waliopata mimba bila ndoa walikuwa wanaachwa wafe njaa. Wengine waliokolewa na wanaume masikini waliokosa mahari. Mama Neema atakaa kimya hapo, muache. Jioni agizeni kamba wa ziwani, wale wadogo wenye magamba mekundu, na viazi. Viazi vya Kabale msiviache.

Sasa pesa, maana najua hilo ndilo unalosubiri.

Pasipoti ni 150,000 kila mmoja, kwa hiyo laki tatu zinaondoka kabla hujapanda gari. Ni ya miaka kumi, usiihesabu kwenye safari hii peke yake. Kwa kitambulisho cha taifa hamvuki. Huo ni mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda, sisi hatumo. Chanjo ya homa ya manjano mchanjwe mapema na kadi ya njano mtembee nayo. Viza hamhitaji. Basi kutoka kwenu sasa hivi raha mustarehe, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, habari za kusubiri kivuko zimekwisha. Laleni kwetu Bukoba. Asubuhi Mutukula, mnagongewa mihuri ya pande zote mbili jengo moja, kisha Kyotera, Masaka, Mbarara, Kabale. Msifanye kwa siku moja, Mbarara laleni.

Panapouma ni gari la kutoka Kabale kwenda lango la Bwindi na kurudi. Daladala za kufika kule saa mbili asubuhi hakuna, inabidi kukodi. Hapo ndipo mtaombwa bei ya mgeni, na hapo hakuna orodha ya serikali ya kukulinda. Mimi nilipatana jioni ya jana yake, kwenye kijiwe cha teksi chenyewe, si kupitia mapokezi ya hoteli. Kihaya kilinisaidia, maana Kinyankole na Kikiga tunasikilizana. Nyie semeni "agandi" kwanza, mengine yafuate. Kiswahili kule si kama Kenya, vijana wengi wanakijua nusunusu.

Vibali mvitafute mapema, Julai ni kiangazi na watu ni wengi. Vinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na watataka nakala ya pasipoti kuthibitisha uraia. Dalali akikutajia bei ya dola, muulize kwa upole hizo dola ni za nani.

Msafiri wa Sirari

Mama umenishinda. Ila miaka kumi ya ndoa unampeleka mke wa mtu akanyeshewe na ajambiwe na gorila?

Ma Koku wa Kashai

Miaka kumi ameishi na muuza vipuri vya pikipiki, hakuna harufu itakayomshangaza.

Baba Neema, Nyegezi

Hahaha, nimemsomea, amecheka mpaka chai imemwagika. Sasa Ma Koku, anavutiwa kweli, lakini ana goti. Aliumia kwenye ajali ya bajaji, kutembea tambarare hana shida, mlima ndiyo unamsumbua. Na je, nikikomesha kila kitu kwenye M 2.5 itatosha, au ndiyo nirudi kuuza spoku kwa mkopo?

Ma Koku wa Kashai

Goti tulizungumze kwa makini, maana Bwindi siyo kilima cha kupanda kuangalia mji. Msitu una sehemu nne za kuanzia: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Nkuringo mwepuke, mteremko wake unatisha hata wenye magoti mazima. Siku ya kwenda mwambieni askari mapema kabla hawajagawa makundi, kwa kawaida wanajitahidi kumweka mtu wa namna hiyo kwenye familia iliyo karibu. Lakini gorila hawana miadi, jana walikuwa chini leo wamepanda. Kodini mpagazi, anabeba begi na anakushika mkono penye utelezi, vijana wa pale wanaishi kwa kazi hiyo. Wapo pia wanaombeba mtu kwa machela, ila bei yake inazidi kibali chenyewe.

Kama yeye mwenyewe anasita, msilazimishe. Fanyeni Bunyonyi siku nyingi zaidi, halafu mnaporudi shukeni Hifadhi ya Ziwa Mburo, kati ya Mbarara na Lyantonde. Pundamilia na swala kwa gari, hamna kupanda kitu, na bei ni ya mwenyeji vilevile.

M 2.5 inatosha kama mtalala nyumba za wageni za kawaida na mtakula kwa mama ntilie. Haitoshi kama mtataka zile hema zenye bafu la mawe. Toa pasipoti, toa vibali, utabaki kama na M 1.7 ya njia, malazi, chakula na gari la Bwindi. Mimi ningeweka laki tatu pembeni nisiziguse mpaka nimerudi Mutukula.

Mzee wa Rusumo

Ninyi mnasahau njia ya Rwanda. Kurudi pitieni mpaka wa Katuna, uko jirani kabisa na Kabale, mnaingia Kigali, mnalala usiku mmoja, kesho yake mpaka wa Rusumo, Ngara, nyumbani. Shemeji anapata nchi mbili kwenye pasipoti moja. Upande wa gari msishtuke, kule wanaendesha kulia. Mifuko ya plastiki toeni kabisa kwenye begi, waliipiga marufuku tangu 2008 na wanapekua. Kigali vyumba ni ghali kuliko Kabale, tafuteni Nyamirambo, nyama choma ipo na Kiswahili kinasikika.

Baba Neema, Nyegezi

Mzee hiyo ya nchi mbili amesikia na ameshaanza kuitangaza kwa jirani, kwa hiyo sina namna. Vyeti vya kuzaliwa ninavyo, namba za NIDA tunazo, Jumatatu naanza na Uhamiaji. Ma Koku, pesa nibadilishe Mutukula au niingie nazo Masaka?

Ma Koku wa Kashai

Mutukula badilisha ya nauli na chakula tu, dukani, si kwa vijana wanaokufuata na kibunda mkononi. Hesabu mwenyewe kabla hujaachia ya kwako. Inayobaki Masaka au Mbarara. Na bebeni masweta ya kweli, Kabale usiku wa Julai mtu wa Nyegezi anaweza kulia.