Mrejesho: Antena ya FM ya redio ya sebuleni

Wakuu, nilipouliza ninunue antena gani ya FM kwa redio yangu huku Pasua, Moshi, wengi mlisema nisinunue kitu. Nimewasikiliza. Nilichukua waya wa spika, nikauchana ncha moja sentimita 75 kila upande, nikautandaza darini kama herufi T, uliobaki ukashuka hadi nyuma ya redio. Mkwaruzo umeisha karibu stesheni zote! Moja tu iliendelea kukoroma. Nilipougeuza waya ubavu wake utazame mnara, ikatulia.

Ile antena yenye busta (kikuza mawimbi) niliyoazima kwa shemeji ilikuza mpaka makelele, nimemrudishia. Mama watoto bado anauliza kwa nini nilipanda darini na shati la kanisani.