Mwanangu kaniambia nipumzike, mbona sina raha?

Fundi wa Ngamiani

Habari zenu wote. Mimi si mwandishi, simu yenyewe nimeletewa, basi mnivumilie.

Nina miaka 63. Nimeshona nguo hapa Ngamiani, Tanga, tangu 1984. Kibaraza kimoja, cherehani moja ya miguu, mkasi wa marehemu baba. Januari sare za shule, karibu na Idi kanzu, miezi mingine viraka na zipu. Kuna kipindi tulikula dagaa mpaka watoto wakawa wanamwita "jirani".

Mwaka 2019 mwanangu wa pili akaenda Muscat, fundi wa viyoyozi. Mungu akamfungulia. Ametuwekea vigae, tangi la maji, friji, televisheni pana kama mlango. Kila tarehe 5 laki nne zinaingia kwenye simu. Akasema, "Baba, inatosha. Pumzika." Cherehani ikafunikwa shuka, ikaenda stoo.

Sasa siku yangu iko hivi. Naswali alfajiri, nakunywa chai ya maziwa, nakaa nje naangalia nguo za watu wanaopita. Huyu upindo umeachia. Yule bega la kushoto limepanda, fundi wake alikata vibaya. Saa nne nimeshamaliza kuangalia. Mke wangu ana kikoba chake na raha zake, tena amenenepa. Ananiambia, "Wewe ulizoea shida tu."

Wiki iliyopita kapita mtoto wa jirani, begi la shule limekatika mkanda. Zamani angelileta kwangu moja kwa moja. Akasimama, akanitazama, "Shikamoo babu," akaenda zake kwa fundi wa barabara ya 9. Nikaumia, na mchana sikula vizuri.

Je, huku ni kukosa shukrani? Nijibuni ukweli, msinipake mafuta kwa sababu ya mvi.

Mama Lishe wa Rangi Tatu

Shikamoo baba. Haya, sikupaki mafuta. Nauza chakula Mbagala na mwanangu mkubwa ana selimundu. Mwaka juzi, usiku wa mvua, maumivu yalimshika kifuani. Dirishani hospitalini wakataka 60,000. Kwenye fundo la kanga nina 38,000. Nilizihesabu mara tatu, kama vile zingezaliana. Kijana wa bodaboda aliyetuleta, hata jina simjui, akatoa 20,000. Mlinzi akamalizia 2,000.

Kwa hiyo mtu akiniambia pesa haileti raha, namtazama tu. Laki nne kwa mwezi zingeniletea usingizi. Wewe usingizi huo unao, baba, ila umeuzoea hata huusikii. Begi la mtoto lisikunyime chakula.

Jaduong wa Siaya

Salamu mzee. Swali lako lilipimwa huku kwetu. Kuanzia 2011 shirika la GiveDirectly walituma pesa kwa M-Pesa kwa familia za Rarieda zilizokuwa na nyumba za nyasi, bila masharti yoyote. Kuna waliopata Sh25,200 za Kenya, kuna waliofika 95,200. Watafiti, Haushofer na Shapiro, wakarudi kuwauliza hali. Furaha ilikuwa imepanda, na mabati yamepigwa kwenye nyumba nyingi. Kama hujawahi kuamka usiku kusukuma kitanda mahali pasipovuja, bati utaliona ni bati tu.

Lakini kuna upande wa pili ambao watu huuruka. Majirani walioachwa, kuridhika kwao na maisha kulishuka. Hawakuibiwa hata shilingi. Walitazama tu bati la mwenzao likimetameta.

Nafikiri yule mtoto hakukudharau. Ameona vigae. Nani atampelekea mtu wa vigae begi la shilingi 500?

Apolo Mstaafu

Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuzia serikali mawe mawili ya tanzanite, kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Wakamuuliza maisha yatabadilikaje, akasema ataendelea na ng'ombe wake, kama 2,000. Kuna watu mjini walicheka. Mimi sikucheka.

Niliwahi kupata mgao huko kwenye machimbo ya tanzanite Mirerani, milioni 14. Nikaacha shimo, nikapanga nyumba Arusha, nikawa naamka saa tano asubuhi. Sikuwa na ng'ombe wa kuamkia. Pombe ikanipata nimekaa hivyo hivyo. Zilipokwisha nikarudi mgodini na, aibu kusema, siku ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye kamba. Njaa inauma, silitetei shimo. Ila miezi ile mitano siitamani tena.

Mzee, itoe hiyo cherehani kabla haijashika kutu.

Mtoto wa Mama, Muscat

Shikamoo mzee. Sikia na upande wetu. Huku tunalala sita chumba kimoja. Siku ninayotuma pesa nyumbani ndiyo siku najiona mtu. Sasa nikisikia mtaani wanasema, "Mtoto yuko Uarabuni, baba anatia viraka," nitaificha wapi sura?

Mama yangu nilimpelekea mashine ya kufulia. Ameitandikia kitambaa cha kufuma, juu kaweka maua ya plastiki na picha yangu, halafu anafua kwa mikono uani na wenzake. Nilinuna mwaka mzima.

Mpigie mwanao. Mwambie pesa yake unaipokea na kushona unataka. Akisikia kwa watu kwanza, ataumia.

Fundi wa Ngamiani

Nimewasoma wote, wa Mbagala nimekusoma mara mbili. Mwanao nimemwombea alfajiri ya leo. Na wewe wa Siaya, sikuwahi kufikiria kwamba ni vigae.

Jana niliingia stoo. Mkanda wa cherehani umekauka, umekatika. Mafuta yameganda. Nikanunua mkanda mpya, nikasafisha mpaka adhuhuri, mikono ikanuka kama zamani.

Yule mtoto nikamwita mwenyewe. Kumbe begi la bluu wamelishona kwa uzi mweusi, tena mshono mmoja! Nikafumua, nikarudia mara mbili. Mama yake akaleta 500, anaona haya kunipa. Nikaipokea.

Mke wangu kapita, katazama, hajasema neno. Jioni nimekuta magauni yake mawili juu ya cherehani, anataka niyaachie ubavuni.

Muscat sijapiga bado. Naogopa kidogo. Tarehe 5 ni kesho kutwa.