Ukungu ukutani Dodoma, mwezi wa nane, mwenye nyumba anasema nimeuleta mimi!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimepanga apatimenti ya vyumba viwili hapa Ilazo. Kodi 250,000 kwa mwezi, nimelipa miezi 6 kwa mkupuo, na dalali akala ya kwake ya mwezi mmoja. Tulipoingia mwezi wa sita nyumba ilikuwa inanukia rangi mbichi, tukafurahi. Kumbe rangi ile ilikuwa inaficha. Wiki ya tatu tu, ukuta wa chumbani unaopakana na bafu la jirani ukaanza kuvimba malengelenge. Ukiyabonyeza yanapasuka, na plasta ya ndani imelainika kama unga uliolowa. Vikaja vidoa vyeusi, sasa vimeungana toka sakafuni mpaka usawa wa kitasa. Nyuma ya kabati ndiyo usiseme: suti yangu imeota manyoya meupe kwenye kola.

Nikampigia mzee mwenye nyumba. Jibu lake: "Kijana, nyumba yangu haina shida. Ninyi mnaanika nguo ndani na kupika mmefunga madirisha. Nunua rangi upake, mkataba unasema matengenezo madogo ni ya mpangaji."

Jamani, hii ni Dodoma! Tangu tuhamie hatujaona tone la mvua, na mpaka mwisho wa mwaka hatuitegemei. Midomo inapasuka kwa ukavu. Nguo ukianika nje saa 3 asubuhi, saa 5 unaanua. Nani ahangaike kuanika ndani?

Sikatai, upo ukungu wa mpangaji. Ukipika umejifungia kila siku, ukaoga maji ya moto na dirisha la bafu halifunguliwi, mvuke unaganda darini na pembeni mwa madirisha. Hilo ni lako, futa na ufungue madirisha. Huu wangu unapanda kutoka chini, ukuta mmoja tu, kuta nyingine zote kavu.

Fundi mmoja akanifundisha jaribio. Nikabandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote nne, nikakiacha siku 2. Unyevu ukiwa wa hewa ya chumbani, nailoni inalowa upande wa nje. Yangu imelowa upande wa ndani, matone yamening'inia kabisa. Jioni nikawaomba majirani wote wafunge mabomba yao kwa nusu saa. Mita ikaendelea kuzunguka. Bomba linavuja ndani ya ukuta, mzee, halafu unaniambia nikanunue rangi?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu siku unayoingia na muda wote wa upangaji. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni juu yake. Sasa kuvunja ukuta ufuate bomba limekuwa "matengenezo madogo" tangu lini?

Mwanangu ana miaka 3. Anakohoa usiku mpaka anatapika, na daktari swali lake la kwanza lilikuwa kama chumba anacholala kina unyevu. Uingereza, mjini Rochdale, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020, na uchunguzi ukaja kuthibitisha kuwa ni ukungu wa nyumba ya kupanga. Na kule pia waliopangisha walikuwa wanasingizia mtindo wa maisha wa familia! Niliposoma hiyo sikupata usingizi.

Godoro tumelihamishia sebuleni. Chumba ninachokilipia kimefungwa.

Namtafuta aliyewahi kuanzia Baraza la Kata akafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Dodoma kwa kesi kama hii. Ulidai matengenezo, au urudishiwe kodi iliyobaki? Picha za ukuta, za nailoni na za mita ninazo, zote zina tarehe. Ujumbe wa "nunua rangi upake" aliurudia kwa maandishi, nao nimeutunza.