Nimealikwa mgeni rasmi kwenye mahafali, mkuu wa shule anataka nitaje ahadi nisiyokuwa nayo. Naombeni ushauri

Mbolea_Samadi:
Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana zimebaki siku tisa.

Nina duka la pembejeo Morogoro, fremu moja tu. Shule ya kata niliyomaliza 2009 imeniandikia barua niwe mgeni rasmi mahafali ya kidato cha nne. Barua ina mhuri na imeniita "Mkurugenzi". Mke wangu anaicheka mpaka leo.

Kinachoninyima usingizi, kwanza ni woga. Harusi ya mdogo wangu nilipewa maiki dakika mbili tu, karatasi ikatetemeka mpaka ikasikika kwenye spika. Sitanii.

Pili, hotuba nimeshaandika, kurasa sita. Vipande vingine nimeokota mtandaoni (kuna ile ya "asilimia 80 ya matajiri duniani walifeli shule"). Ila sehemu kali ni yangu mwenyewe. Nilikaa dawati moja na binti mmoja, akapata mimba tukiwa kidato cha tatu, akafukuzwa, leo anakaanga mihogo stendi. Nataka mabinti wasikie hiyo. Jina sitataja.

Tatu ndiyo nzito. Mkuu wa shule kanipigia, anasema baada ya risala ya wahitimu kutakuwa na harambee ya kumalizia maabara, nitangulie mimi kutaja milioni mbili. Nikamwambia sina. Akacheka: "Wewe taja tu, wazazi wakisikia milioni watafunguka. Hiyo yako tutaimaliza kimyakimya."

Nifanyeje?

Mc_Kibega:
Mkuu, mimi kazi yangu ni MC, mwaka wa 11 huu. Kurasa sita ni adhabu kwa watoto. Ukurasa mmoja wa A4 ukisomwa bila kukimbizwa unakula dakika nne, ongeza vigelegele, hapo una nusu saa. Na mgeni rasmi huwa anasimama mwishoni. Saa nane mchana, watu wako chini ya turubai tangu saa tatu, pilau inanukia nyuma ya darasa. Nani atakusikiliza? Kata zibaki mbili.

A4 usisimame nayo kabisa, ule wepesi wake ndio unaofichua mkono. Kata manila saizi ya kiganja, maandishi makubwa, kila kadi namba yake ili zikidondoka uzipange. Kadini andika maneno ya kukukumbusha tu. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikae kichwani, maana mwanzoni ndipo miguu inapoishiwa nguvu, na mwishoni ndipo watu wanaposhindwa kushuka, "kabla sijamaliza" mara nne.

Maiki ngumi moja kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu. Usipite mbele ya spika nayo, itapiga mluzi. Na ongea na MC wao mapema akutajie wakubwa wote, wewe ukisimama useme "itifaki imezingatiwa" uendelee.

Chambo_cha_Ndoano:
Hilo la milioni mbona mnalikuza? Harambee zote zinaendeshwa hivyo. Wa kwanza ni chambo. Maabara ikiisha, watoto watafaidi, nani atauliza? Taja mkuu, uondoke zako.

Mhazini_Mstahimilivu:
@Chambo_cha_Ndoano nitauliza mimi. Nashika daftari la ahadi la kamati ya ujenzi kanisani kwetu. Mwaka juzi mheshimiwa mmoja alisimama akataja milioni, makofi mpaka basi. Mama mmoja mjane aliyekuwa ametia nia ya elfu ishirini akaona aibu, akasema laki. Aliuza mbuzi wawili, akaleta fedha ndani ya mwezi. Mstari wa mheshimiwa mpaka leo uko mtupu. Kila nikifungua ule ukurasa namwona yule mama.

Mkuu, mpigie mkuu wa shule leo, siyo asubuhi ya shughuli. Mwambie kiasi ulichonacho kweli, kama ni laki ni laki. Akisema haitoshi, akatafute mgeni rasmi mwingine.

Binti_wa_Uluguru:
Mimi nimekwama kwenye huyo dada wa mihogo. Umesema jina hutataja. Shule ya kata hiyo, kata nzima inajuana, kuna mtu atahitaji jina kweli?

Halafu fanya hesabu. Kidato cha tatu kwako ilikuwa 2008. Huyo mtoto sasa ana miaka 16 au 17. Unajua yuko darasa la ngapi?

Mwl_Chaki_Nyeupe:
Kijana wangu, Binti hapo juu kakubana kweli. Na mimi naongeza: hata hilo somo lenyewe limepitwa. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito arudi shuleni. Ukisimama pale na kuwaonyesha kwamba mimba ndiyo mwisho wa safari, unaweza kumkatisha tamaa binti ambaye mlango kafunguliwa.

Ile asilimia 80 itoe. Umeipata wapi? Kama huwezi kumjibu mtoto atakayekuuliza, isikuponyoke mdomoni. Vipande vya mtandaoni, ama mtaje mwenye maneno, ama viache. Mwaka 1987 Joe Biden alijitoa mbio za urais Marekani baada ya kuumbuliwa kwamba alitumia maneno ya Neil Kinnock, mwanasiasa wa Uingereza, kama yake. Ajabu ni kwamba siku nyingine alikuwa akimtaja. Siku moja hakumtaja, ikamgharimu.

Kuhusu ufupi: Novemba 1978 nilikuwa kijana, tumezunguka redio ya betri, Mwalimu Nyerere anatangaza kwamba tutampiga Amin. Uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kesho yake hata bibi yangu asiyejua kusoma alikuwa akiyasema kisimani. Vitu vitatu, vifupi, vinavyofanana mwisho. Hata wewe chagua vitatu, ila viwe vyako.

Mbolea_Samadi:
@Binti_wa_Uluguru nimemuuliza mwalimu wa taaluma. Ni kweli. Yule mtoto ni mhitimu, tena kwenye orodha ya zawadi ni wa pili kwa hisabati. Mama yake atakuwa amekaa viti vya wazazi. Nimekaa dukani nusu saa sijamhudumia mteja.

Nimechana kurasa nne.

Mc_Kibega:
Sasa fanya mazoezi kwa sauti, umesimama. Ukisomea moyoni, utadhani umeiva. Mke wako awe wazazi, akicheka endelea.

Mbolea_Samadi:
MREJESHO.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Kadi tisa za manila, dakika kumi na moja. Magoti yalicheza mwanzoni, lakini sentensi ya kwanza nilikuwa nimeimeza, ikatoka yenyewe: "Mimi hapa nilipata divisheni foo." Kicheko kikapigwa, pumzi ikarudi. Nikawaeleza nilivyobeba mifuko ya mbolea kwenye duka la watu miaka minne, nilivyojifunza kusoma lebo za viuatilifu baada ya kumuuzia mkulima dawa isiyo yake, akaunguza bustani ya nyanya, nikamlipa kidogokidogo. Hapo palitulia kabisa, hata wale wa nyuma.

Harambee nilitaja laki tatu, nikazitoa mfukoni palepale. Mkuu wa shule alinilisha keki bila kuniangalia usoni.

Leo asubuhi nimepita stendi kununua mihogo. Yule dada kanifungia, kaniongezea kipande na kachumbari, kisha akasema: "Hotuba nzuri. Ila mbona hukuwaambia kwamba hesabu ulikuwa unanakili kwangu?"